Mwendo wa Cherehani

Asiyewahi kushika shoka hudhani gogo humalizwa kwa pigo moja. Waliotutangulia walijua zaidi, wakasema bandu bandu huisha gogo: jambo zito likimegwa kidogo kidogo, bila kukoma, huisha.

Sajini mstaafu, ambaye majirani walimwita Afande, alikuwa gogo lenyewe. Jeshini alizoea kula chapuchapu kabla filimbi haijalia, tena sahani ya mtu anayeshinda akitembea na mzigo mgongoni. Alipostaafu, safari zilikoma, sahani ikabaki ile ile. Akanenepa, akapata sukari na presha, na dawa zikateketeza kiinua mgongo chake chote. Sasa magoti nayo yaligoma. Hakuweza hata kushuka ngazi za ghorofani.

"Apungue mwili, la sivyo tutapasua magoti mwisho wa mwaka," daktari wa kliniki ya wastaafu alimwambia mkewe.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo. Cha kuuza kulipia upasuaji kilibaki kimoja tu: cherehani yake, iliyowalisha wote wawili. Akapatana na mnunuzi aje kuichukua mwisho wa mwaka, roho ikimuuma.

"Baba watoto, kwani huwezi kupungua?"

"Mwili huu? Labda unikate kwa mkasi wako!"

Mke akacheka, kisha akaweka kitambaa cha mkono chini ya sindano. "Haya, Afande. Cherehani ikilia, piga mguu hapo hapo ulipo, kama gwarideni. Ikinyamaza, pumzika."

Amri ni amri. Pindo dogo lile lilipoisha, Afande alikuwa hoi, jasho likimtiririka.

Kesho yake ikawa foronya. Baadaye mapazia, kisha mashuka. Sahani ilipunguzwa, naye akajifunza kutafuna polepole, akinung'unika kwamba adui angemkuta bado anakula. Suruali zake zikawa hazikosekani mezani kwa mkewe, kila mara zikipunguzwa kiuno.

Mwaka ukaisha, mnunuzi akaja akapiga hodi kutoka chini. Mke, asiyejua kama magoti ya mumewe yamepata nguvu ya ngazi, aliifunika cherehani, machozi yakimlengalenga. Alipogeuka, kiti cha mumewe kilikuwa kitupu. Vishindo vya miguu vilisikika ngazini, vikishuka kwa mwendo alioujua mno, ule wa cherehani yake. Akakimbilia dirishani. Mumewe alikuwa amesimama uani, wima.

"Samahani, ndugu yangu," alikuwa akimwambia mnunuzi. "Haiuzwi tena. Magoti yangu hayapasuliwi."

Kisha akapanda ngazi zote peke yake. Mke alimpokea mlangoni, mkono mdomoni, akimtazama juu hadi chini kama anayeona muujiza.

"Ni wewe kweli?"

"Mbona umesimama, fundi?" Afande alisema akitweta. "Shuka la leo liko wapi?"

Hakika, bandu bandu huisha gogo.