Sauti Iliyowaambia Wasubiri

Alikuwepo mtu mmoja, jina lake Ambakisye, ambaye hakurithi shamba wala ng'ombe. Alirithi sauti. Baba yake alikuwa mpiga mbiu wa mtaa wao, mtaa ulio bondeni katika nchi ya baridi na migomba, na baba alipofariki, kipaza sauti kikaachwa mikononi mwa mwana. Kila palipokuwa na jambo, Ambakisye alipita njiani alfajiri akitangaza. Fulani amefiwa, kaburi linachimbwa leo. Daraja limechukuliwa na maji, kila nyumba itoe mtu na jembe. Na watu walitoka. Hawakuuliza kama ni kweli, kwa kuwa sauti ile haikuwahi kusema jambo, kisha jambo lile lisiwe. Mwenye homa alitoka amejifunga shuka. Waliogombana jana walichimba kaburi moja, kila mmoja upande wake, na udongo wao ukachanganyika.

Kisha ikaja kampuni ya intaneti. Ikasimika nguzo, ikavusha waya juu ya mto, ikaingiza mtandao katika nyumba za bonde lile. Kwa watu wa huko lilikuwa jambo kubwa, maana hapo chini simu zao zilitosha kusalimiana tu. Aliyetaka kumwona mtu wake wa mbali kwa video alilazimika kupanda hadi juu ya kilima, ng'ambo ya mto, akifika anahema. Sasa waliwaona watoto wao wakiwa wameketi jikoni, wakimenya ndizi.

Kampuni ilipotafuta mtu wa kurekodiwa kwa ajili ya simu ya huduma kwa wateja, mtu ambaye watu wangemsikia wakatulia, ikaelekezwa kwa Ambakisye. Wakamketisha katika chumba kilichozibwa kwa magodoro, wakampa karatasi. Akasoma. "Ndugu mteja, pole kwa usumbufu. Tumekusikia. Mafundi wetu wako njiani. Tafadhali subiri." Alisoma kama alivyozoea kutangaza misiba, bila haraka, kila neno likipewa nafasi yake, na yule aliyekuwa akirekodi akainama akafuta macho. Ambakisye hakuuliza mafundi hao ni akina nani, wala wanatoka wapi, wala ni nani huwatuma. Kwa shukrani walimvutia waya nyumbani kwake bure, na kisanduku cha mtandao chenye taa za kijani wakakitundika ukutani, mbele ya kiti cha mama yake.

Mama yake aliitwa Tumpale. Miguu yake ilikuwa imeshaacha kumbeba. Alikuwa na mwana mwingine, mdogo wa Ambakisye, aitwaye Lusekelo, aliyefanya kazi katika nchi ya mbali, na kila Jumapili baada ya ibada mama alimwona kwenye simu. Alimuuliza amekula nini. Alimwambia asogee karibu na dirisha, apate kuona kama amekonda. Hayo tu. Lakini juma zima mama aliishi akiyangojea.

Masika mkaratusi mkubwa ulianguka darajani. Uliziba njia na kukata waya, na waya ukalala nusu kwenye majani, nusu mtoni. Taa za kijani zikawa nyekundu katika kila nyumba. Watu wakapiga simu ya huduma, wakaisikia sauti waliyoijua tangu utoto wao ikiwaambia kwamba imewasikia, kwamba mafundi wako njiani, kwamba wasubiri. Zamani mti ukianguka njiani, watu hawa wangetoka na mashoka kabla ya chai. Safari hii walirudi wakaketi. Waya wasingeweza kuuunga, hiyo ilikuwa kazi ya mafundi, lakini hata mti hawakuugusa. Yule aliyezoea kuwaambia watoke ndiye aliyewaambia wasubiri. Wakawa wanaukwea mti ule, watu wazima wamekunja nguo zao, na kushukia upande wa pili. Yasemekana gari la kampuni lilifika mpaka ng'ambo, likakuta njia imezibwa, likageuza.

Palikuwa na mwanamke mshonaji, Tusajigwe, aliyepokea kazi kwa picha kutoka kwa wateja wa mjini. Cherehani yake ilikuwa imenyamaza. Alimkuta Ambakisye dukani ananunua chumvi.

"Wewe baba," akamwambia, "mbona unanidanganya kila siku kwa sauti tamu hivyo? Marehemu mume wangu alinidanganya mara moja, tukalala vyumba viwili mwaka mzima."

Watu dukani wakacheka. Ambakisye naye akacheka. "Dada yangu, mimi nilisoma karatasi tu. Muulize aliyeiandika."

"Nimpate wapi? Nikipiga, unapokea wewe."

Hilo nalo likachekwa. Akalipa chumvi yake, akaenda zake, na moyo wake haukuwa mzito hata kidogo.

Ndipo Lusekelo akapiga simu ya kawaida, sauti ikikatika na kurudi. Akasema moyo wake una tatizo, kwamba Jumatatu watampasua. Akasema, "Kaka, nataka nimwone mama kabla hawajanilaza kwa dawa. Jumapili nitakuwa kitandani, simu mkononi. Nitangoja." Mama alikuwa karibu akasikia. Hakulia. Aliomba aoshwe nywele.

Jumapili ilipofika, taa zikiwa bado nyekundu, Ambakisye alikaa miguuni pa mama yake akapiga huduma kwa wateja. Aliweka spika, ili mama naye asikie matumaini. Akabonyeza namba alizoambiwa abonyeze. Kisha akajisikia mwenyewe. Ndugu mteja, pole kwa usumbufu. Tumekusikia. Muziki ukapigwa, sauti ikarudi, muziki tena. Mara ya kwanza aliisikiliza kama mtu anayejitazama kwenye kioo, kwa furaha kidogo. Baadaye akaanza kuisikia kama walivyoisikia wengine. Ilikuwa sauti nzuri. Ndani yake hamkuwa na mtu.

Asubuhi ilikuwa imekwenda sana msichana mmoja alipopokea.

"Baba, umejaribu kuzima kisanduku na kukiwasha?"

"Binti yangu, waya umelala mtoni. Leo asubuhi nimeuruka."

"Nimekuelewa, baba. Zima kwanza, uhesabu mpaka kumi."

Akazima. Akahesabu mpaka kumi, kwa uaminifu, kama mtoto wa shule. Akawasha. Taa zilikuwa nyekundu.

"Basi taarifa yako naipandisha juu," akasema msichana.

"Juu kwa nani?"

Msichana akajibu kwa uchovu wa mtu aliyetukanwa tangu alipoketi. "Juu tu, baba. Hata sisi hatujawahi kuambiwa."

"Binti, hiyo sauti mnayotuwekea ni yangu mimi."

"Kumbe ni wewe? Asante, baba. Inatusaidia sana. Watu wakishaisikia hupunguza matusi." Kisha akamrudisha kwenye foleni, na Ambakisye akamwambia tena Ambakisye kwamba mafundi wako njiani.

Mama yake alikuwa akitazama mlango. Bila kugeuza uso akasema, "Huyo anayesema watakuja ni wewe, mwanangu. Umemtuma nani?"

Ambakisye akakata simu. Akaingia chumbani, akakishusha kipaza sauti cha baba yake kutoka darini, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati. Akatoka njiani, akatangaza kama alivyotangaza miaka yote. Mama yangu anapelekwa kilimani kumwona mwanawe kwa simu, njia imezibwa, kila nyumba itoe mtu na shoka. Hakuna mlango uliofunguliwa. Akatangaza tena. Mahali fulani mtu aliongeza sauti ya redio. Nyuma ya dirisha mwingine akauliza, "Leo mafundi wamefika wapi?" na wa ndani wakacheka, lakini si kama walivyocheka dukani.

Alisimama katikati ya njia, na hapo akafahamu kilichompata. Sauti ile ilikuwa imani, akiba ambayo watu walimwekea baba yake, wakamwekea na yeye, neno kwa neno, kaburi kwa kaburi. Naye alikuwa ameitumia yote kwa kuahidi mambo asiyoyajua, kwa niaba ya watu asiowajua. Haikubaki hata ya kumwitia mama yake mzazi.

Akakiweka kipaza sauti chini, kwenye majani. Akaenda mlango wa kwanza kwa miguu yake, akapiga hodi kwa mdomo mtupu, kama mgeni. Akasema, "Mafundi hawako njiani. Niliwaambia wako njiani, na sikujua lolote. Nimekuja kuomba mtu wa kunisaidia kubeba." Mlango huo ulifungwa. Akaenda wa pili, akasema vilevile. Akaenda wa tatu. Wapo waliomsikiliza hadi mwisho kisha wakatikisa kichwa. Yupo mzee aliyemkemea kwa muda mrefu, Ambakisye akapokea yote, na mzee alipomaliza akaingia ndani akatoka na shoka. Kila mlango aliupa muda wake. Hakuna uliokuwa mwepesi kuliko uliotangulia.

Tusajigwe alimtazama toka kichwani hadi miguuni, miguu imejaa tope. "Na ungesema hivyo kwenye simu," akamuuliza, "ungepungukiwa nini?"

Tusajigwe akachukua panga, akajifunga kitenge kiunoni, akatangulia.

Hawakuja wote waliokuja zamani. Walikuja wa kutosha kubeba, na wachache wa kuwapokea watakaochoka. Wakaukata mkaratusi vipande, wakavibingirisha kando, na njia ikaonekana tena, nyembamba, imeota majani. Kiti cha mama kikafungwa kwenye miti miwili. Wakamfunika mablanketi, wakamvusha daraja, wakaanza kupanda. Ambakisye alishika upande wa chini, penye uzito. Hakusema neno njia nzima, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna aliyetaka aseme.

Juu ya kilima upepo ulikuwa mkali. Simu ikatafuta mtandao, ikaupata. Lusekelo alitokea katika shuka nyeupe, macho makubwa, akiwa ameishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa amengoja tangu kulipokucha huko aliko. Mama akamwangalia. Tusajigwe akamkinga na upepo kwa kitenge chake.

"Sogea dirishani," mama akasema.

Lusekelo akasogea.

"Umekonda."

"Nimekonda, mama."

"Umekula nini?"

"Leo hawaruhusu kula, mama."

"Basi kesho kutwa utakula. Kaa hapohapo nikuone." Wakatazamana mpaka muuguzi alipokuja kuichukua simu. Waliombeba walikuwa wameketi majanini wamegeukia upande mwingine, kila mmoja akijifanya anatazama bonde.

Lusekelo alipona, polepole. Na kwa kuwa njia ilikuwa wazi, gari la kampuni lilivuka siku moja, waya ukaungwa, na hakuna aliyetoka kuangalia. Taa zikawa za kijani. Ambakisye bado hutangaza misiba katika mtaa ule, lakini bila kipaza sauti. Hupita nyumba kwa nyumba, husema alilolishuhudia kwa macho yake, na humchukua siku nzima. Amepiga simu kwa kampuni mara nyingi akiomba ile sauti yake ifutwe. Kila apigapo, hujibiwa kwa upole kwamba amesikiwa, na kwamba asubiri.

Nanyi mnaosikia habari hii, ni mlangoni pa nani sauti zenu hata sasa zinasema "tunakuja," ilhali miguu yenu bado iko chini ya meza?