Magari Mawili Darajani

Dada mmoja wa Marangu, Aikande, alikuwa na kaka wawili, na kila kaka alikuwa na gari la mashindano. Ndesario, mkubwa, alikuwa na la Uingereza la mwaka 1964, jekundu, lisilo na paa, aliloachiwa na baba yao. Elifuraha, mdogo, alikuwa na la Japani la mwaka 1993, jeupe, alilolinunua kwa jasho lake. Yote mawili yaling'arishwa kila Jumamosi, na hayakwenda popote.

Baba alikwisha kufariki, na katika ukoo ule bibi harusi asiye na baba hutolewa kanisani na kaka yake. Ndoa ilikuwa saa nne. Mchungaji alikuwa na ndoa tatu siku hiyo, naye hakuwa mtu wa kungoja.

Kaka wote wawili walitaka kumpeleka kwa gari lake; wakapiga kura, ikamwangukia Ndesario. Aikande akapanda gari jekundu, akaishika shela yake isipeperuke. Nyuma yao akaja Elifuraha mbio, ili dada aone mwenyewe alichokosa. Wakalifikia daraja jembamba wakiwa sambamba, wakaingia pamoja, wakakwama pamoja, ubavu kwa ubavu. Milango haikufunguka.

"Kaka, rudi nyuma kidogo," Aikande alisema.

"Nirudi nyuma mbele ya plastiki hii?"

"Heri plastiki," Elifuraha akajibu, "kuliko kopo linalokohoa likiona umande!"

"Hili lina historia!"

"Hili lina breki!"

"Mbona hukuzikanyaga?"

Ilikuwa saa nne kasorobo. Aikande akavua viatu, akasimama juu ya kiti, akapanda kioo cha mbele, akashukia kwenye boneti.

"Rangi!" wakapiga kelele kaka wote wawili. Ndilo neno pekee walilokubaliana asubuhi ile.

Akawageukia. "Kaka zangu, mnabishana lipi lifike kwanza, na wa kufika ni mimi."

Ng'ambo ya daraja muuza maziwa alikuwa amesimama na baiskeli yake, akingoja kuvuka. Akalitoa dumu kwenye keria, akalitundika kwenye usukani, akampakia bibi harusi. Barabara ya kanisani ni mteremko mtupu, na breki ya baiskeli ile ilikuwa kandambili ya mwenyewe. Walifika.

Mchungaji akauliza, "Nani anamtoa binti huyu?" Aikande akatazama mlangoni. Hakuna aliyeingia. Ndipo muuza maziwa, aliyemsindikiza hadi ndani, dumu mkononi, akainua mkono wa pili.

Kule darajani kaka wawili walikuwa wakiwauliza wageni waliozuiwa nyuma yao ni tairi la nani lililotangulia kugusa zege.

Nanyi mnaogombea njia iliyo bora ya kumfikisha mtu, mna hakika bado yumo garini?