Nguchiro Aliyejifunza Kucheua

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na milango ya kufunga na majembe ya kunoa, palikuwa na bonde lenye udongo mweusi kandokando ya kijito. Bonde hilo liligawanywa ngwe kwa ngwe, kila nyumba na kipande chake cha kulima mtama. Ngwe ya Nyati ilikuwa huku, ya Nguchiro kule, na katikati ulipita mfereji ambao hata kifaranga angeuruka.

Msimamizi wa bonde alikuwa Kifaru. Macho yake hayakuona mbali, lakini masikio! Angemsikia siafu akikohoa. Wakati wa palizi sheria yake ilikuwa moja: atakayeketi shambani kabla ngoma ya jioni haijalia, ngwe yake anapewa mwingine, naye anahamia mlimani kwenye mawe. Waliosamehewa ni wanaocheua tu.

"Hao ndivyo walivyoumbwa," alisema Kifaru. "Siwezi kugombana na tumbo."

Sasa, Nguchiro alikuwa na kichwa chenye milango mingi, na yote wazi. Akienda kunoa jembe, njiani anamwona mjusi. Anamfuata mjusi, anakuta ua umebomoka. Anaanza kuziba ua, na jembe linabaki butu huko alikoliacha, wala hakumbuki ni wapi. Lakini siku kazi ikimwingia, lahaula! Fya! Fya! Fya! Hali, hanywi, akiitwa haitiki. Kwa siku tatu anafanya kazi ya siku kumi, kisha siku kumi nzima analala kama gogo, hata nzi hamfukuzi.

Msimu uliopita alianguka hivyo hivyo katikati ya palizi. Alibebwa kwa mkeka. Alipopata nafuu, magugu yalikuwa yamemeza mtama wote.

"Nakupa msimu mmoja tu," Kifaru alimwambia. "Ukishindwa tena, ni mlimani, wewe na watoto wako."

Watoto walikuwa wanne, na mlimani hapakuota hata mchicha.

Lakini kilichomkosesha Nguchiro raha zaidi kilikuwa ng'ambo ya mfereji. Kila asubuhi alimwona Nyati akiinua jembe lake, tu... tu... tu..., leo kama jana, jana kama juzi. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mtazame," alimwambia mkewe. "Hachoki! Hasahau jembe! Kwa nini yeye, na si mimi?"

"Baba Chekecha, kunywa uji."

"Yule kaumbwa kwa chuma. Mimi sijui nimeumbwa kwa nini."

"Kwa maneno. Uji unapoa."

Akapita Swala na kapu lake kichwani. "Hongera, Bwana Nyati! Huo ndio mkono wa mkulima!" Kisha akatupa jicho upande wa pili. "Na wewe, jirani, leo utawaka au utazima?"

Nguchiro akacheka kwa meno. Moyoni aliungua.

Siku ya kwanza ya palizi akaapa: nitalima kama Nyati. Nyati akiinua jembe, naye anainua. Tu... tu... tu... Jua halijafika utosini, kichwa kilikuwa kinamwasha kama kimemwagiwa upupu. Akatupa jembe, akaanza kung'oa magugu kwa mikono. Fya! Fya! Fya! Mchana ukaisha bila maji wala chakula. Ngoma ya jioni ilipolia, du!, naye akaanguka, pu!, puani damu. Angetangulia kidogo tu, ngwe ingekwenda.

Mkewe akambeba mgongoni. "Umetaka mwendo wa Nyati," alimwambia, "sasa tazama nani anautembea."

Kesho yake hakuweza kusimama. Alilala kwenye ua wa nyumba, akatoboa kitundu kwenye makuti, akamtazama Nyati kutwa nzima. Wivu una macho makali kuliko mapenzi, wanangu. Rafiki zako hukuona ukipita; mwenye wivu huhesabu hatua zako.

"Mama Chekecha! Mbio! Yule halimi! Amelala!"

"Anacheua."

"Amelala chini, nakwambia!"

"Mume wangu, kila mtu anajua kwamba Nyati hucheua."

"Mara sita tangu asubuhi! Analima mistari miwili, analala. Mistari miwili tena, analala! Mdomo unatikisika, basi hakuna anayeuliza mikono iko wapi!" Akapiga paji la uso, pa! "Msimu mzima nalionea wivu jembe lake, kumbe cha kuonewa wivu ni kule kulala kwake!"

Mkewe akaweka mwiko chini. Alijua uso ule.

"Tuna miwa?" akauliza Nguchiro.

Alipopata nguvu alirudi shambani na fungu la miwa, imekatwa pingili pingili. Alipalilia mstari mmoja, fya! fya! fya!, kwa mwendo wake mwenyewe. Ulipokwisha, akaketi, akatia pingili kinywani. Kacha, kacha, kacha.

Ardhi ikatetemeka. Kifaru huyo.

"Nani ameketi huko?"

"Ni mimi, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Nguchiro! Umeketi?"

"Nacheua, mzee."

Kifaru akategesha sikio. Kacha, kacha. "Tangu lini nguchiro akacheua?"

"Tangu nilipougua. Tumbo liligeuka, mzee, halikurudi tena lilivyokuwa."

"Maskini! Pole sana, mwanangu." Akaenda zake.

Ikawa hivyo kila siku: mstari mmoja, pingili moja. Muda wa pingili mjusi akipita, Nguchiro alimtazama mpaka mkia ulipotoweka, na hakuwa na deni na mtu. Utamu ukiisha, anatema makapi, anainuka. Jua likiwa kali, mistari inakuwa mifupi na pingili zinakuwa ndefu. Jioni alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akanywa uji ukiwa moto.

Hata siku ya tisa, ikabaki mistari mitatu tu. Kifaru akakata njia kupitia kwenye ngwe ya Nguchiro. Kwacha! Mguu wake ukazama kwenye lundo la makapi. Akanusa. Uso ukabadilika.

"Nguchiro! Haya ni makapi ya muwa!"

Moyo wa Nguchiro ukashuka tumboni, lile tumbo lake moja tu.

Wakaja majirani wote, Swala mbele. "Nilisema mimi! Atazima!"

"Kimya!" Kifaru akanguruma. "Mimi si mcheuaji, sitahukumu nisichokijua. Nyati! Njoo. Wewe una matumbo manne. Huyu anacheua, au hacheui?"

Nyati akavuka mfereji taratibu. Nguchiro akainamisha kichwa. Alijua yule akisema neno moja la kweli, watoto wanne watalala juu ya mawe. Na angemlaumu vipi? Yeye mwenyewe alimtazama Nyati kwa jicho baya msimu mzima.

Nyati akautazama mtama uliosafishwa. Akatazama makapi. Akatafuna kidogo, akameza.

"Mimi huyu," akasema, "nimemwonea wivu Nguchiro miaka mitatu."

"Wewe?" Nguchiro aliropoka. "Unionee wivu mimi?"

"Nikimaliza mstari mmoja, wewe umemaliza mitatu. Nikikuona unaruka vile, usiku huo sipati usingizi, nasema, jamani, mimi nimekuwa jiwe. Mwaka juzi nilijaribu kuruka kama wewe. Mgongo huu hapa, mpaka leo unauma." Akamgeukia Kifaru. "Anacheua, mzee. Ila tumbo lake la pili liko kichwani."

Majirani wote wakakikodolea macho kichwa cha Nguchiro.

Kifaru akafikiri, akafikiri, mpaka nzi watatu wakatua kwenye pembe yake. "Sheria inasema wanaocheua wasamehewe," akasema mwishowe. "Haikusema tumbo liwe wapi. Malizia mistari yako."

Nguchiro akaimaliza ile mitatu kabla ya ngoma, na pingili tatu. Alipogeuka kuondoka, akamkuta Kifaru bado yupo, amesimama peke yake kwenye mfereji, miguu imevimba kwa kuzunguka bonde tangu alfajiri.

"Nguchiro," alinong'ona. "Hivi... kifaru naye, akifundishwa, anaweza kucheua?"

Nguchiro akachomoa muwa mmoja uliobaki mzima, mnene, akampa. "Kaa hapa kwanza, mzee. Tuanze."

Kacha, kacha, kacha, mpaka ngoma ikalia. Basi mjue, wanangu: kila mwili una mwendo wake, na anayeazima mwendo wa jirani hurudi nyumbani amebebwa.