Mkono wa Mbeyu Mfinyanzi

"Kosa lililosemwa lina dawa." Mmemsikia shangazi yenu akilisema neno hilo, mkaja mbio kuniuliza limetoka wapi. Haya kaeni, na wewe acha kunitafunia muwa sikioni. Methali hii ilianzia kwenye mkono uliovunjika.

Bi Mwanatumu alikuwa muunga mifupa mwenye sifa kubwa. Mbeyu, mfinyanzi wa vyungu, alipoteleza akavunjika mkono, alipelekwa kwake. Lakini Bi Mwanatumu alikuwa akiondoka kwenda arusini. Kwa haraka hakutafuta vitambaa, akayafunga magango, vile vijiti vya mianzi vya kushikilia mfupa, kwa ukanda mbichi wa ngozi ya mbuzi. Ngozi mbichi ikikauka hubana, na hilo alilijua tangu usichana wake.

Aliporudi, alikuta ua wa Mbeyu umejaa watu. Vidole vimevimba, vimekuwa vya baridi kama udongo wake. Hakuna aliyethubutu kufungua, maana kwa desturi yao aliyefunga ndiye afunguaye. Wazee walikwisha kukata shauri: huu ni uchawi, waitwe wapunga pepo.

"Bi mkubwa, tuambie," akasema Nyamawi, mume wa Mbeyu. "Nani kamroga mke wangu?"

Bi Mwanatumu aliona wote wanamngoja ataje jina. Angemtaja jirani yeyote wangeamini, na sifa yake isingeguswa. Kisha akamwona Mbeyu akijaribu kukunja kidole, nacho hakikunjiki. Mfinyanzi bila vidole atakula nini? Aibu ilimshika, na huruma ikaishinda aibu.

"Hapana mchawi hapa," akasema. "Ni mimi. Nilifunga kwa ngozi mbichi kwa kukimbilia arusi. Nimekosa. Leteni kisu!"

"Lahaula!" akamaka Nyamawi. "Kumbe wewe ndiwe uliyemwumiza?"

"Nitukane baadaye, mwanangu. Kisu kwanza."

Akakata. Mbeyu alipiga yowe, na Bi Mwanatumu akalia naye huku akimkanda, hata damu ikarudi vidoleni. Akamfunga upya kwa vitambaa laini, akawa anakuja kumtazama kila kukicha. Kidole kimoja kilibaki kimepinda, lakini Mbeyu alirudi kwenye udongo wake.

Tangu hapo watu walimkimbia Bi Mwanatumu, wasimpelekee tena mgonjwa. Basi mwaka uliofuata Nyamawi akaanguka, akavunjika mguu. Ndugu zake wakataka kumpeleka kwa muunga mifupa wa kijiji cha pili, ambaye hajapata kukosea.

"Hajapata kukosea, au hajapata kusema?" akauliza Nyamawi kwa maumivu. "Nipelekeni kwa Bi Mwanatumu. Kosa lililosemwa lina dawa."