Bunduki ya Mzee Famau

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa visiwani aliishi Fundi Shee Lali, mchamungu aliyezijua bunduki kongwe kuliko yeyote. Waungwana wa zama hizo walipenda kutundika ukutani bunduki za marisau zilizofuliwa na mafundi wa kale. Walaghai nao hawakulala: walisugua chuma kipya kwa limau na chumvi kipate kutu, wakachora juu ya mtutu jina la fundi maarufu. Neno la Shee Lali ndilo lililokata shauri.

Siku moja Mzee Famau, mtu fukara, alileta barazani bunduki ya babu yake. Shee Lali akapapasa maandishi, akayaona hayana kina, kama yale ya walaghai. Adhana ilikuwa karibu, naye hakupenda kuikosa safu ya mbele. Hakuifungua.

"Bandia," akasema.

"Fundi, wallahi ni ya babu yangu."

"Usiape, mzee wangu. Jina hili limechorwa juzi."

Watu wakamcheka, masikini, na tangu hapo Famau akaitwa mwongo. Mwaka huohuo alimwendea Kadhi akasema ameuona mwezi wa Ramadhani. Wingu lilikuwa zito, hakuna mwingine aliyeuona. Ushahidi wake ukakataliwa, kwa kuwa ni mtu aliyeapa uongo. Kesho yake akafunga peke yake, mji mzima ukila. Haukupita muda akafariki.

Mjane wake, Mwana Zaina, akaipeleka bunduki kwa Shee Lali. "Madhali ni bandia, nifulie jembe."

Fundi akautenga mtutu na ubao wake. Upande wa chini, uliofichwa na ubao, palikuwa na mhuri wa fundi wa kale, umezama chumani. Akaugeuza tena mtutu, akalitazama lile jina la juu.

"Mama, huku juu kulifanywa nini?"

"Marehemu akiisugua kwa mchanga kila Ijumaa. Akiipenda mno."

Shee Lali akalia hadi ndevu zikalowa. Ijumaa akasimama mbele ya waumini. "Famau hakuapa uongo. Mimi ndiye niliyehukumu kwa pupa. Basi na mwezi aliuona."

Kadhi akainamisha kichwa, akaamuru mji mzima uilipe ile siku moja. Wakafunga. Magharibi ilipoingia, Shee Lali alifuturu kwa tende moja, akaenda kaburini kwa Famau kumtaka radhi. Alikaa sana pale, na hakujibiwa.

Ndugu zangu, saumu ikipita hulipwa. Tuwatake watu radhi wangali wanaweza kututamkia, "Nimekusamehe."