Atakayeyafikisha Mayai ya Apolinari

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumatano ya tarehe saba Juni, Apolinari Njiku alifunga mlango wa mashine ya kutotolesha vifaranga, akamwambia mkewe Benadeta maneno machache, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakusimama tena. Moyo wake ulikuwa umeugua miaka miwili, na daktari alikwisha kuwaandaa.

Yasikilizeni vizuri maneno hayo machache, maana mwishoni mtaulizwa. Apolinari alisema, "Haya ndiyo malimbuko yangu ya mwaka huu, Mama Yusta. Atakayeyafikisha ndiye atakayeyabeba mpaka altareni."

Ndani ya mashine yalikuwemo mayai mia tano ya kuku wa kienyeji, yeye mwenyewe kayapanga moja moja, ncha nyembamba chini. Baada ya siku ishirini na moja yangekuwa vifaranga.

Katika parokia yao, upande wa Ilongero huko Singida, Jumapili ya mavuno kila nyumba hupeleka malimbuko. Nyumba iliyofiwa mwaka huo hupeleka kazi ya mwisho ya marehemu. Mtu mmoja hubeba kikapu, husimama mbele ya altare, hutaja jina la marehemu kwa sauti, na kanisa zima humwombea. Mjane husimama nyuma ya mbebaji na kumwekea mkono begani. Jina hutajwa mara moja, kwa kinywa kimoja.

Apolinari na Benadeta walijaliwa watoto watatu, na Mungu alimpa kila mmoja chake.

Yusta, mkubwa, alipewa jicho. Alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, na hakuweza kupita karibu na maandishi bila kuyasoma. Alisoma magunia, alisoma makopo, alisoma karatasi za dawa zile zenye herufi kama sisimizi. Mdogo wake alisema Yusta akiumwa hupona kabla hajamaliza kuisoma karatasi.

Kondradi, wa pili, alipewa sikio. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Waimbaji arobaini wakiimba pamoja, yeye akiwa amefumba macho, alimnyooshea kidole yule mmoja aliyeteleza, na hakukosea.

Leokadia, kitindamimba, alipewa pua. Alinusa yai likiwa zima na kusema limeoza, na likipasuliwa lilikuwa limeoza kweli. Majirani hawakununua dumu la mafuta ya kula kabla hajaitwa Leokadia.

Matanga yalipoanuliwa, Benadeta aliwaita wote watatu. Aliwakumbusha kwamba kila Juni upepo wa Singida huangusha nguzo za umeme, na kwamba baba yao alikuwa akisema kila mwaka kuwa ipo siku atanunua jenereta. Siku hiyo sasa ilikuwa yao. Akasema fedha za rambirambi zitatumika hapo.

Wifi yake Veneranda hakupenda. "Kaka yangu hajapata hata msalaba wa saruji," alisema, "ninyi mnakimbilia mashine ya kelele."

"Msalaba utangoja, wifi," Benadeta alimjibu taratibu. "Mayai hayatangoja."

Alikuwa akiyawaza mayai yale usiku na mchana. Mavazi ya marehemu yalikwisha kugawiwa, viatu vimekwenda, baiskeli imekwenda. Mayai ndiyo pekee yaliyobaki yakiwa bado na kazi ya mikono yake ndani, na kazi hiyo ilikuwa inaendelea. Yakipoa, angekuwa amefiwa mara ya pili.

Basi ikaanza kazi ya jicho. Kabla hawajakwenda mjini, Yusta alizunguka na kalamu nyuma ya kila kifaa, akisoma kibao kinachoeleza kinakula wati ngapi: mashine ya mayai, taa nne za kuwapa vifaranga joto, na friji ndogo ya chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku. Kwenye friji aliandika namba mbili. Alieleza kwamba mota ya friji inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inaovuta ikishazoea, na jenereta isiyoweza kuvumilia mvuto huo itazimika papo hapo. Dukani, mwenye duka alipigapiga jenereta moja nyekundu inayong'aa, ubavuni imeandikwa 2500 kwa herufi kubwa kama za bango.

"Hii inabeba nyumba yako na ya jirani," alisema.

Yusta aliinama nyuma yake. Akakaa huko kwa muda. Alipoinuka alisema kuwa hiyo 2500 ni ya dakika chache tu mashine ikibanwa, na kwamba kule nyuma imeandikwa kwa herufi ndogo kuwa ya kutwa nzima ni 1400. Haitoshi. Mwenye duka alisema miaka tisa anauza na hajaona mteja anayesoma mgongo wa jenereta. Yusta akamwambia mgongoni ndiko inakosema kweli. Kubwa sana nayo aliikataa, kwa kuwa ingekunywa petroli nyingi kuwasha vitu vichache. Zikabaki mbili, namba zilezile mbele, namba zilezile nyuma. Hapo jicho likafika mwisho wake.

Ikaanza kazi ya sikio. Kondradi aliomba zote mbili ziwashwe, moja baada ya nyingine, na kila moja ichomekwe pasi na birika la umeme kwa pamoja. Akafumba macho katikati ya duka, kichwa kimeinama, watu wakamzunguka kumtazama.

"Kijana, unanunua jenereta au kinanda?" mwenye duka aliuliza, na watu wakacheka.

"Nanunua pumzi, mzee," Kondradi alisema, macho bado yamefumbwa.

Ya kwanza ilipopewa mzigo, sauti yake ilishuka, ikapanda, ikashuka tena, kama mwimbaji aliyeanza wimbo bila kuvuta hewa. Ya pili ilishuka mara moja tu, ikajikamata, ikaendelea palepale kama mwimbaji wa besi wa siku nyingi. Kondradi alichukua ya pili. Kifaa kinachopima joto katika mashine ya mayai hakivumilii umeme unaopanda na kushuka. Kikiungua, mayai hupoa au huiva. Mwalimu mmoja wa kijiji cha jirani aliinunua ile ya kwanza wiki hiyohiyo, na siku alipoihitaji ikamuunguzia redio na chaja ya simu.

Jumapili tarehe ishirini na tano upepo ukaangusha nguzo tano. Tarafa nzima ikakosa umeme. Ilikuwa siku ya kumi na nane ya mayai, kipindi ambacho hayataki kuguswa wala kupata baridi.

Hapo ikaanza kazi ya pua. Kondradi alikuwa ameiweka jenereta stoo, chumba kinachopakana na cha mashine, kwa kuogopa vumbi na wezi, na alikwisha kununua dumu la petroli kwa muuzaji wa kando ya barabara. Leokadia alirudi kutoka misani, akafungua kifuniko, akakifunga.

"Imechakachuliwa hii. Ina mafuta ya taa."

Kondradi alisema petroli ni petroli, mradi iwake. Leokadia hakubishana. Alidondosha matone kwenye karatasi, akaianika juani. Petroli safi hukauka yote. Karatasi ile ilibaki na duara la mafuta katikati. Akafunika mashine kwa mablanketi ili joto lisitoke, akapanda bodaboda mpaka kituo cha mafuta, akarudi na petroli nzuri. Jenereta ikawaka, ikafanya kazi ikipumzishwa kwa zamu, Jumapili, Jumatatu, mpaka Jumanne.

Jumanne mchana mayai yalianza kudonolewa kutoka ndani. Benadeta aliketi karibu na mashine akisali rozari. Kichwa kilimuuma, macho yakawa mazito, naye akadhani ni huzuni. Nje, Leokadia alikuwa akichambua mlenda. Upepo uliokuwa ukiutoa moshi kupitia dirisha la stoo ukageuka, ukaanza kuurudisha ndani, na kutoka stoo ukapenya kwenye tundu la juu ya ukuta. Sumu ya moshi ule haina harufu, lakini husafiri na vitu vingine vyenye harufu, na Leokadia aliviona kwa pua kabla mtu mwingine hajajua kitu. Aliuacha mlenda, akazima jenereta, akafungua milango na madirisha, akamshika mama yake kwapani.

"Mama, toka. Rozari utaimalizia nje."

Benadeta alitapika kwenye uzio, akanywa maji, akapata nguvu. Jenereta ikahamishwa hatua ishirini nyuma ya nyumba, chini ya bati lisilo na kuta, waya mrefu ukavutwa mpaka kwenye mashine, dirisha likaachwa wazi.

Jumatano tarehe ishirini na nane, siku ya ishirini na moja, chumba kilijaa milio. Yusta aliwahesabu mara mbili: vifaranga mia nne na kumi na moja, weupe, weusi, wa madoadoa. Apolinari katika maisha yake hakuwahi kufikisha mia nne. Veneranda aliyesema mashine ya kelele alikuja akamweka mmoja kiganjani, kisha akawaita wapitanjia waje waone kazi ya kaka yake. Alhamisi umeme ukarudi.

Jumamosi saa tisa alasiri katekista alifika na daftari, kuandika jina la atakayebeba kikapu kesho yake, Jumapili ya mavuno. Alipewa kiti na chai. Benadeta akawaambia wanawe waseme, kila mmoja aseme lake bila haya.

Yusta alisema kwamba bila jicho lake wangekuwa na ile nyekundu. Ingezimika friji ilipowaka mara ya kwanza, na kusingekuwa na jenereta ya mtu kuisikiliza wala kuinusa.

Kondradi alisema, "Dada, jicho lako lilituachia mbili. Moja ingeyachemsha mayai ya baba. Ungechaguaje, kwa rangi?"

Leokadia alisema, "Mlinunua mashine nzuri, nawapongeza. Kisha mkataka kuinywesha mafuta ya taa na kuifungia ndani na Mama."

Katekista aliweka kikombe chini ili asimwage chai kwa kucheka.

Kondradi, ambaye sasa alikuwa anatazama chini, alisema huenda baba alikusudia wote watatu, na wabebe pamoja. Benadeta alitikisa kichwa. "Mimi nilikuwa mlangoni. Baba yenu alisema atakayeyafikisha. Hakusema watakaoyafikisha. Alisoma mpaka darasa la saba, alijua mmoja na alijua wengi."

"Basi weka mikono yote miwili, Mama," Leokadia alisema. "Sisi tu watatu, atakosa mmoja tu."

Veneranda akadakia kwamba apewe Kondradi, ni mwanamume, ndiye jina la nyumba. Benadeta alimjibu kwamba Mungu alipokuwa akigawa jicho, sikio na pua hakuuliza hilo.

Aliwatazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu saa nne na dakika ishirini ya siku ile, kifua chake kilijaa kitu kisichokuwa kilio. Watu walikuja kumpa pole wakisema Apolinari hakuacha mali. Laiti wangewaona hawa walivyokaa kwenye mkeka ule, kila mmoja anagombea heshima ya kumtaja baba yake. Nyumba ngapi watoto hugombea shamba?

Alijaribu kupima. Jicho lilitangulia, bila hilo mengine yasingepata pa kuanzia. Sikio lilichagua pale ambapo maandishi hayakuwa na neno zaidi. Pua iliokoa mashine kwanza, ikaokoa vifaranga, na ikamwokoa yeye mwenyewe. Na hapo ndipo alipoiogopa mizani yake. Je, moyo wake ulielekea kwa Leokadia kwa ajili ya mayai, au kwa ajili ya pumzi zake mwenyewe? Apolinari hakusema atakayemwokoa mke wangu. Alisema mayai. Tena Kondradi ndiye aliyeiweka jenereta stoo. Je, kosa la mkono hupunguza kazi ya sikio? Na Yusta, ambaye hakukosea popote, je, astahili zaidi kwa kuwa hakukosea, au hakukosea kwa kuwa kazi yake iliishia dukani?

Katekista alifungua daftari. Aliandika, "Marehemu Apolinari Njiku, vifaranga," akaacha nafasi ya jina moja, akasubiri kalamu ikiwa hewani.

Kalamu bado iko hewani, ndugu zangu. Mama huyu ana usiku mmoja tu kabla ya misa, na bega ni moja. Wewe uliyesikiliza tangu mwanzo, mtoto au mzee, ungekuwa umeketi kwenye mkeka ule, ungemwambia katekista aandike jina la nani, na wale wawili ungewaambia nini?

Fikirini bila haraka. Na yeyote mtakayemchagua, kesho atatamka maneno haya, nasi tuyatamke pamoja naye: Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Apolinari, mume wa Benadeta, baba wa watoto watatu. Umsamehe pale alipokosa, uipokee kazi ya mikono yake, umpe raha isiyokoma na mwanga usiozimika, na roho yake ipumzike kwa amani. Amina.