Neno "Sumu"

Jumatatu, tarehe tatu Machi, saa mbili asubuhi, mkono wa mwanamke mmoja ulifunguka.

Sikilizeni, ndugu zangu. Mwanamke huyo alipigwa na kiharusi, akainuka, ila mkono wa kulia ukabaki umekunja ngumi. Kucha zilimchoma kiganja. Akitawadha, maji hayaingii ndani.

Mumewe alimwambia, "Mungu hakukalifishi, mke wangu. Pitisha juu tu."

"Hilo najua. Lakini kidonda kinanuka, baba watoto, na wewe pua unayo."

Wakaenda hospitali. Daktari, binti mkweli, akasema ipo sindano ya kulegeza misuli. Mume akauliza imetengenezwa na nini.

"Na sumu, mzee. Inatoka kwa vijidudu vya chakula cha kopo kilichoharibika. Ikizidi inaua. Sisi tunachoma kidogo mno, palepale kwenye msuli."

Mume alisikia neno moja tu. "Sumu? Simama, twende nyumbani."

Je, alikosa mapenzi? La. Kila Ijumaa alimkata kucha, akamfuta kiganja kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, mkewe akigugumia kwa maumivu.

Mwaka ukapita. Siku moja mke akasema, "Mwenye mkono ni mimi. Hiyo sumu naitaka. Nikifa, utaoa msichana."

"Nyamaza wewe," akajibu mume, huku anacheka. Wakarudi hospitali.

Wiki mbili baada ya sindano, asubuhi hiyo ya Machi, mume alikuwa akimmiminia maji kwa birika. Vidole vikaachia. Maji yakaingia kiganjani. Mke akalia. Kila baada ya miezi mitatu walirudi kuchomwa tena, na daktari akawaambia wapo wataalamu wanaotafuta sindano ya kudumu zaidi.

Aliishi miezi minane na mkono wazi, hadi kiharusi cha pili kilipomchukua. Ingekuwa ishirini. Ile kumi na miwili niliichukua mimi, jamaa zangu, kwa sababu ya neno.

Ndiyo. Mume yule ni mimi.

Sisi tunawakinga tuwapendao, wala hatuwaulizi wanaumia wapi. Tukisikia neno la kutisha, hatubaki kuuliza swali la pili. Nani nyumbani kwako anavumilia leo kwa sababu wewe unaogopa? Ukitoka hapa, kamwulize.

Ee Mola, waongoze wanaogeuza sumu kuwa dawa. Na huyu mja wako, mghufirie, mpanulie kaburi lake, umlaze pasipo maumivu. Amina.